Mimea ya Tangi na Baba Mkwe Nisiyemtazama

Wanangu, mkija hapa Msasani ya Tukuyu kuniuliza kwa nini anubiasi zenu hazikui, huwa nawatazama nisijue nianzie wapi. Kwanza zinakua. Pili, hata mimi sijui zinakuaje. Nimezishika miaka mingi mpaka vidole vimeanza kukataa maji ya baridi, ndiyo maana nimeacha kazi, na bado ukiniwekea vipande viwili vya mmea mmoja, maji yaleyale, jiwe lilelile, siwezi kukuambia kipi kitatoa jani na kipi kitakaa tu mpaka mzeeke wote wawili. Anayesema anajua, mwambieni aje anifundishe. Chai ipo.

Kwa aliyefika leo, nieleze kidogo. Anubiasi ni mmea wa kukaa majini, ndani ya tangi la kioo la samaki. Majani yake ni mazito, ya kijani kilichokolea, magumu kama ngozi ya kiatu. Chini ya majani kuna kishina kinene kinacholala ubavu, mfano wa kidole cha tangawizi, na uhai wote umo humo. Mizizi hushuka kutoka kwenye kishina ikang'ang'ania jiwe au gogo. Hoteli za barabara ya Kyela zinaupenda, zahanati nazo zinaupenda, kwa sababu unavumilia chumba chenye giza na samaki hawauli. Kasoro yake ni kwamba hauna haraka na mtu. Unaweza kuungoja utoe jani moja mpaka umesahau ulikuwa unangoja nini.

Kazi hii aliianzisha baba mkwe wangu. Jina lake sitalitaja, na wenyeji mnaelewa kwa nini. Kwa wageni niseme hivi: kwetu Wanyakyusa, kwa watu wa rika langu, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hataji jina lake, na wakikutana njiani mke anaingia migombani mpaka mzee apite. Kugusana ndiyo kabisa, hakuzungumzwi. Ninyi siku hizi mnakaa sofa moja na baba mkwe mnaangalia mpira na kubishania penalti. Siwasemi. Nawaambia tu kwamba niliolewa kutoka Masukulu, nikajikuta najifunza kazi kwa mtu nisiyeruhusiwa kumwona.

Ilikuwaje? Mume wangu, Lugano, alikuwa dereva wa lori, leo mpakani Kasumulu kesho Dar. Kaka zake hawakuitaka kazi ya kubeba ndoo za maji. Mzee akaanza kuumwa mgongo, na mama mkwe ndiye aliyekata shauri: asubuhi chumba cha matangi ni cha mama Ipyana, yaani mimi, mchana ni cha mzee. Pazia likatundikwa mlango wa uani. Mlango wa mbele ukawa wake, wa nyuma wangu. Mzee akishuka kwenye bodaboda kutoka nyumbani kwake Kisondela anakohoa, nami naacha kila kitu natokea uani. Siku alizokuwa na mafua nilihangaika sana. Nilikuwa natoka na kurudi, natoka na kurudi, mikono inachuruzika maji, nisijue kikohozi kipi ni cha heshima na kipi ni cha kifua.

Na kulikuwa na mmea mmoja humo ndani ambao lazima muujue. Mzee aliupata pamoja na tangi lake la kwanza, kwa daktari mmoja aliyehamishwa. Mimea yote tuliyowahi kuuza ilitokana na vichipukizi vya pembeni vya mmea ule, vinavyobanduliwa kwa mkono. Kishina chenyewe, kinene kupita kidole gumba cha mwanamume, hakikuwahi kuguswa na kisu. Mzee alisema wazi mbele ya watoto wake: mmea ule asiukate mtu, na siku atakayompa mtu ruhusa ya kuukata, huyo ndiye atakayekuwa mwenye kazi baada yake. Nami sitawaficha, niliitaka ruhusa hiyo. Niliitaka kuliko nguo mpya. Kabla ya hapo nilikuwa nachuma chai ya watu na kikapu mgongoni, mvua ya Rungwe inaniingia shingoni, na humo chumbani nilikuwa mkavu, nilikuwa na kazi yangu, na nilikuwa naielewa nusu. Kwangu nusu ilikuwa nyingi.

Ujumbe kati yangu na mzee ulipita kwa Shabani. Huyu ni fundi vioo. Wazee wake walitoka pwani wakaja kufanya biashara hapa Tukuyu kabla sijazaliwa, naye ndiye aliyetuundia matangi. Karakana yake ilipakana na chumba chetu, kwa hiyo akawa katikati hata bila kuombwa.

"Mama Ipyana," ananiita uani, "mzee anauliza nani kabadilisha maji."

"Mwambie ni mimi, yalikuwa yameanza kunuka."

Anaingia, anatoka. "Mzee anasema usimwage yote. Mwaga theluthi, bakiza mengine, samaki na mimea havipendi kuhamishwa dunia." Halafu anajifuta jasho ambalo halipo. "Shemeji, mimi nimesomea vioo. Mmenigeuza posta, na stempu hamnipi."

Shida ya Shabani ilikuwa kutia chumvi. Leo ananiambia mzee amefurahi, amesema hajawahi kuona mikono kama yangu. Kesho ananiambia mzee amechukia, amesema afadhali angemfundisha mbuzi. Siku moja nilimbana aniambie ukweli. Akacheka akasema, "La mbuzi ni langu. La mikono silikumbuki lilikuwa la nani." Basi nilikaa miaka na maneno ya watu wawili kichwani, nisijue sifa ni za nani na matusi ni ya nani.

Sasa makosa, maana mmekuja kwa ajili ya makosa, ya kwenu mnayaona aibu kuyasema.

Kosa langu la kwanza ni la mtu wa Rungwe. Sisi tumezaliwa kwenye udongo mweusi ambao ukisahau fimbo ya kutembelea imechomekwa nje, unaikuta ina majani. Mche wa mgomba tunauzika chini kabisa, tunatia samadi, tunaondoka. Nikapewa vichipukizi vya anubiasi vya kwanza, nikafanya hivyohivyo. Nikaweka udongo wa shambani chini ya tangi, nikachanganya na samadi ya ng'ombe iliyokaa vizuri, nikazika vishina vyote mpaka yakabaki majani tu juu. Nikajipongeza. Haikuchukua muda maji yakawa rangi ya chai, samaki wakapanda juu wanahema midomo wazi, na vishina vikalainika vikawa ute. Harufu yake sitaki kuikumbuka. Shabani akaja ameziba pua. "Mzee anauliza, ulikuwa unapanda au ulikuwa unazika?"

Kwa hiyo shikeni hili: kishina kikae juu, kipumue maji, mizizi peke yake ndiyo ishuke. Mkikizika kinaoza. Kwa nini mgomba ufurahie kaburi na huyu akatae, wakati vyote vina kishina kinene chini, nimejiuliza sana. Mmoja wenu alinieleza mambo ya hewa na bakteria. Niliitikia kwa kichwa.

Kosa la pili ni kamba. Niliambiwa vichipukizi vifungwe kwenye jiwe mpaka mizizi ishike. Mnyakyusa akisikia neno kufunga, mkono unakwenda wenyewe kwenye kamba ya mgomba. Tunafungia kuni, tunafungia kuku, tunafungia mlango. Nikafungia anubiasi. Sasa kamba ya mgomba ndani ya maji inaoza upesi, na mmea huu mizizi yake inashika polepole, kwa hiyo kamba ilishaondoka kabla mizizi haijafikiria kuanza. Uzi mweusi wa pamba wa kushonea ndio unaofaa, mizunguko michache, usikaze mpaka ukate ngozi ya kishina. Nao unaoza, lakini unajua kusubiri.

La tatu lilinitoa machozi. Niliambiwa nitafute mawe. Mlima umejaa mawe mepesi yenye matundu, yale tunayosugulia visigino. Mazuri, yana mashimo ya mizizi kuingia, na hayachoshi kubeba. Nikajaza kikapu kizima, nikafunga vichipukizi vyote vya msimu ule kwa uzi, nikapanga tangini jioni, mzee akiwa ameshaondoka. Niliyakandamiza kwa kokoto yakatulia. Asubuhi nikafungua mlango nikakuta mawe yote yanaelea juu ya maji, na mimea imening'inia chini yake, majani yanatazama sakafu. Nilisimama pale na ndoo nikiwaza kama ni mimi niliyepindua au ni tangi. Siku hiyo mzee alikuja mapema, nikakimbilia uani, na nikasikia kicheko nyuma ya pazia. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia mzee yule anacheka, kicheko kirefu cha kukohoa. Dakika hiyohiyo Shabani akatokea na uso mzito akasema, "Mzee hajapendezwa hata kidogo." Sasa ningeamini nini, masikio yangu au posta?

Kila jiwe litupeni kwanza kwenye ndoo. Likizama, fungeni mmea.

Lakini jambo lililonichanganya kuliko yote lilikuwa hili. Kila nilipofungua chumba asubuhi, nilikuta vitu havipo nilivyoviacha. Jiwe nililoliweka kushoto limesogea. Mmea niliougeuzia mwanga umegeuzwa. Majani yaliyokuwa yameanza kushika mwani, ule utando wa kijani unaopenda kukaa kwenye majani ya mimea isiyo na haraka, yamesuguliwa yakawa safi, tena pande zote mbili. Nikasema huyu mzee ananisahihisha. Nikaanza kupanga upya kwa bidii zaidi, nikijaribu kubuni anachotaka. Nikiweka kubwa nyuma na ndogo mbele, kesho yake zimesogezwa. Nikibadilisha, zimesogezwa. Hakukuwa na mpangilio wowote nilioweza kuukamata. Nilimuuliza Shabani mzee anataka nini hasa. Akaangalia pembeni akasema, "Anataka ufanye kazi."

Simu zilipoenea nikaona hapa ndipo ukombozi. Adabu ya mkwe inasema usitazame wala usiseme, haisemi usiandike. Nikamwandikia ujumbe kwa heshima zote: shikamoo, mimea mipya iko tangi la tatu, naomba unielekeze kuhusu mwanga. Hakujibu. Nikaandika tena, na tena. Nikajua basi, nimevuka mpaka, mzee amechukizwa. Nilikosa usingizi. Nilimwambia Lugano aliporudi safari, naye akasema, "Baba ndivyo alivyo," jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote.

Ndivyo tulivyoishi, mimi asubuhi na yeye mchana, na kazi ikaenda. Tuliacha udongo kabisa. Tulihamisha matangi yakae mbali na dirisha, mwani ukapungua. Tulinunua hita kwa sababu baridi ya Tukuyu si ya mchezo, umeme ukikatika tunafunika matangi kwa mablanketi. Taa za zamani za mrija tukazibadilisha na hizi mpya zisizopasha moto. Niliitambua mimea yote kwa sura. Mzee bado hakusema lolote kuhusu mmea mkubwa.

Kisha miguu yake ikavimba, akashindwa kuja. Alilazwa chumba cha nyuma kule Kisondela, na shemeji zangu wakaanza kupita chumba cha matangi wanapima kuta kwa macho. Mmoja alisema panafaa kuwa saluni. Hawakuwa na ubaya na mimi. Walikuwa wanaona vioo, maji, na mwanamke anayesugua majani kwa kidole. Maneno ya mzee waliyakumbuka, kwamba mwenye kazi ni aliyeruhusiwa kuukata mmea mkubwa, na hakuna aliyekuwa ameruhusiwa.

Asubuhi moja nikaingiza mkono kuusafisha mmea ule, na kidole changu kikazama kwenye kishina. Nilidhani nimekosea mahali. Nikabonyeza tena. Upande wa nyuma ulikuwa laini, na nilipotoa kidole kikaja na ile harufu. Wanangu, uozo wa kishina hautembei taratibu kama mmea wenyewe. Ukiuacha, unamaliza kishina chote, na tiba ni moja tu, kukata mpaka kwenye nyama nzima. Nikiukata bila ruhusa, nimejitwalia kazi ya mzee yungali hai kitandani. Nisipoukata, mmea unakufa, na chumba kinakuwa saluni. Nikamtafuta Shabani. Alikuwa amekwenda msibani Kyela, simu haipatikani.

Nikautoa mmea pamoja na jiwe lake, nikauweka kwenye ndoo ya maji na kifuniko, nikaita bodaboda. Njia ya Kisondela ilikuwa matope matupu. Kijana wa bodaboda aliniuliza kama nimebeba kambale. Nikamwambia nimebeba mgonjwa. Hakuuliza tena mpaka tulipofika.

Mama mkwe alikuwa barazani upande wa nyuma, anamenya ndizi mbichi za mchana, mikono imejaa utomvu. "Ugonile," akanisalimu, akatazama ndoo, akasogea nipate kukaa. Dirisha la chumba cha mzee lilikuwa juu ya vichwa vyetu, limeachwa wazi. Nikakaa na mgongo wangu ukutani, ili hata nikigeuka nisione ndani.

"Mama," nikasema kwa sauti ya kufika dirishani, "ule mmea mkubwa unaoza."

"Mzee," mama mkwe akasema, kana kwamba mzee hakusikia, "mkweo anasema ule mmea mkubwa unaoza."

Sauti ikatoka ndani, nyembamba kuliko nilivyoizoea. "Muulize unaozea wapi."

"Mama, mwambie nyuma, upande mmoja. Majani matatu ya mwisho yamekuwa manjano, na kishina kimegeuka rangi ya kahawia."

Kitanda kikalia ndani, kama mtu anageuka.

"Mwambie asinitajie rangi," mzee akasema. "Rangi zimeniacha siku nyingi fijo, nyingi sana. Aniambie kinashikika vipi."

Mama mkwe hakunipa ujumbe huo. Aliinamia ndizi yake akaendelea kumenya mahali alipokwisha kumenya. Nami nikakaa pale, na mambo yakaanza kuniingia moja moja. Ujumbe wa simu usiojibiwa. Mawe yanayohama kila siku bila mpangilio. Majani yaliyosuguliwa pande zote mbili. Mzee alikuwa anaingia mchana mle ndani na kuikagua kazi yangu kwa vidole, mmea mmoja baada ya mwingine, na akimaliza kuushika anaurudisha mahali anapodhani ndipo. Miaka yote ile nimemficha uso wangu mtu asiyeuona.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikamnong'oneza mama mkwe.

"Ana kiburi," akasema. "Alisema nani atanunua mmea kwa kipofu."

"Nasubiri," sauti ikasema juu yetu.

Nikajaribu. Nikasema kwa mama kwamba kiko laini upande mmoja, upande mwingine ni kigumu, katikati sina hakika. Nilisema vibaya, na jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo nami mwenyewe nilivyozidi kutoelewa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha mkono ukatoka dirishani. Mkono mkubwa, umekunjamana, ukucha wa gumba umeachwa mrefu.

"Kileteni," akasema.

Nikakifungua kishina kutoka kwenye jiwe, nikampa mama mkwe amfikishie. Akainua mikono yake miwili nione. Utomvu ulikuwa umemjaa mpaka vifundoni, mweusi, ule usiotoka kwa sabuni. Utomvu wa ndizi kwenye jeraha la mmea ungekuwa ndio mwisho wake. Maji ya kunawia yalikuwa kisimani. Tulitazamana. Mkono ulikuwa bado uko pale dirishani, wazi, unangoja.

Niliinuka nikautia mmea mkononi mwake mimi mwenyewe. Vidole vyake vikafunga, na vikashika na vya kwangu pamoja. Sikuvitoa. Sijui kwa nini sikuvitoa. Yeye naye hakuvisukuma. Kidole gumba chake kikatembea juu ya kishina, polepole, kikapita juu ya kucha zangu kama ni sehemu ya mmea, kikarudi, kikasimama. Akabonyeza ukucha mpaka ukaacha alama.

"Hapa," akasema. "Kata hapa. Cha nyuma kitupe mbali na maji. Na kuanzia leo kisu ni chako."

Maneno hayo hayakupita kwa mtu. Yalikuja kwangu moja kwa moja, nami nikamjibu hivyohivyo, nimeinamisha kichwa, macho nimeyafumba. "Na kikifa?"

"Vimenifia vingi. Kata."

Nilikata palepale barazani, kwa wembe mpya niliokuja nao, kwenye alama ya ukucha. Ndani kulikuwa kweupe, safi. Mama mkwe alitazama yote, akanyanyuka akaenda kubandika ndizi, na jioni aliwaambia wanawe kwamba mzee ametoa kisu na aliyekipokea ni mimi. Kuhusu mikono hakusema neno, wala mimi hakuniambia neno.

Shabani aliporudi nilimuuliza kama alikuwa anajua habari za macho ya mzee. "Nilijua," akasema. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Hakunituma."

Basi nikafunga kile kipande kizima kwenye jiwe zito, kwa uzi mweusi, nikakiweka kwenye kivuli, nikaanza kungoja. Hapa ndipo wengi wenu mnaharibu. Mnakitikisa kila siku kuona kama kimeshika, mnaongeza taa, mnatia dawa mliyoona kwenye simu. Kiacheni. Mimi mwenyewe kukiacha kulinishinda mara nyingi, nilikuwa nakipapasa kwa kidole kwa siri, halafu najilaumu, halafu napapasa tena. Majani yaliyokuwepo yalibaki. Mapya hayakuja. Mama mkwe akawa anapiga simu: "Anauliza, jani limetoka?" Nami nasema bado, mama. Wiki nyingine anapiga tena: "Anauliza." Bado. Mwishoni nilikuwa naogopa simu ikilia, nikafikiria kudanganya, niseme limetoka, mzee apumzike. Sikudanganya, na sijui kama nilifanya vizuri. Simu ya mwisho haikuuliza kitu. Ilikuwa ya kunijulisha msiba.

Tulimzika palepale nyumbani, karibu na migomba. Nikapika na wanawake wenzangu, nikabeba maji, nikalia. Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, nikarudi kwenye matangi.

Jani lilitoka baada ya hapo. Lilitoka mahali nisipopatazamia, karibu kabisa na jeraha, pale ambapo ningeapa hakuna uhai. Lilikuja limejikunja, jembamba, likachukua muda wake kujifungua. Nilikaa mbele ya tangi lile nikilitazama, nikamwita Shabani aje aone, akaja, akasema "Mashallah," akarudi kwenye vioo vyake. Kila mmea niliowauzia ninyi umetoka hapo. Lakini siku ile sikuwa nawafikiria ninyi. Nilikuwa nimeulizwa swali mara nyingi, na sasa nilikuwa na jibu, na aliyeuliza hayupo.

Nikapanda bodaboda mpaka Kisondela. Mama mkwe alikuwa shambani. Nikazunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye kaburi, nikasimama, na papo hapo nikachanganyikiwa kabisa. Sikujua kama mtu akifa anabaki kuwa mkwe. Sikujua kama natakiwa kupita mbali, au kungoja mtu wa kunifikishia ujumbe, au kama mkono ule dirishani ulikuwa umeshaondoa yote hayo au ulikuwa umeyavunja tu. Nimeuliza wazee watatu tangu siku hiyo nikapata majibu matatu, na mnaweza kuongeza la kwenu. Siku ile hapakuwa na wa kumuuliza. Nikaligeuzia kaburi mgongo, ili kama heshima bado ipo iwe imekaa mahali pake, nikatazama migomba, nikasema kwa sauti.

"Baba, limetoka. Ni gumu. Linateleza. Halinuki."